Mirija migumu ya kompyuta ya kupozwa kwa maji: ikivuja, ikilegea, ikipasuka

Mashine nyingi za kupozwa kwa maji zinazofika mezani kwangu ziliharibika siku mrija uliponunuliwa, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza kudondoka. Mwenyewe huja akilaumu fitingi (vile viungo vinavyoshika ncha za mirija), pampu, au joto la Mombasa. Joto lina makosa yake, nitayasema. Lakini ukichukua kalipa, kile kifaa cha kupimia upana kwa milimita, ukaupima mrija wenyewe, mara nyingi kesi huishia hapo.

Nimepanga kwa dalili, kwa sababu hivyo ndivyo watu huniuliza. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea zaidi nimeitanguliza. Mirija ninayoizungumzia ni ya aina nne: akriliki na PETG (zote mbili ni plastiki), shaba nyekundu na kioo.

Kwanza, umeme

Ukiona maji popote nje ya mirija, zima mashine, zima swichi ya ukutani, kisha chomoa waya. Usiwashe "kidogo tu nione yanatokea wapi". Maji yaliyokenekwa (maji ya betri) yakiwa mapya hayapitishi umeme kwa urahisi, ndiyo sababu watu hujipa moyo. Yakishazunguka kwenye shaba na nikeli kwa wiki kadhaa huwa yameokota chembe za madini, na yakianguka juu ya mazabodi yenye vumbi la chumvi la huku pwani, shoti haiko mbali.

Acha kazi na umwite fundi ikiwa:
- maji yameingia ndani ya pawa saplai. Usiifungue hata kama umechomoa waya tangu jana; ndani kuna vipuri vinavyohifadhi umeme hatari;
- kuna harufu ya kuungua, au kadi ya picha ililowa ikiwa inafanya kazi;
- ukigusa kasha la nje la kompyuta unapigwa na umeme. Hilo huenda ni tatizo la arthi ya nyumba, na wa kuliangalia ni fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Si kazi ya fundi wa kompyuta, na si kazi yako.

Dalili: maji yanatoka penye fitingi, au mrija umechomoka wenyewe

Hii ndiyo inayoleta watu wengi kuliko zote zilizobaki, kwa hiyo nitakaa hapa.

*Kipimo cha nje hakilingani na fitingi.* Kaskazi iliyopita kijana mmoja wa Kisauni aliniletea mashine nzuri ajabu, mirija yote ya shaba inang'aa kama birika la harusi. Inavuja mahali patatu. "Mzee, mimi niliuliza nusu inchi, nikapewa nusu inchi." Alikuwa amenunua shaba ya kiyoyozi kwa mafundi wa AC, na fitingi zake zilikuwa za milimita 12. Nusu inchi ni milimita 12.7. Mrija ulipokataa kuingia, akausugua ncha kwa msasa mpaka ukaingia. Ncha ikawa na umbo la yai, na makali yake yakaikata ringi ya mpira iliyo ndani ya fitingi.

Tatizo la mji huu ni kwamba tuna mafundi wa aina mbili wanaotumia neno moja kwa vitu viwili. Fundi wa AC akisema nusu inchi, anapima upana wa nje wa mrija. Fundi wa bomba za maji akisema nusu inchi, hilo ni jina tu la bomba: ya chuma ina upana wa nje wa milimita 21 na kitu, na ya plastiki ya PPR ni milimita 20. Fitingi za kompyuta hazijali jina. Zinashika upana wa nje, na zimetengenezwa kwa milimita: 12, 14 na 16 ndizo za kawaida. Ukiona imeandikwa 10/14, namba ya pili ndiyo ya nje na ndiyo ya kulinganisha na fitingi. Ya kwanza ni tundu la ndani.

Kwa hiyo ukiwa dukani:
- shaba ya inchi 1/2 (12.7) hailingani na fitingi ya 12 wala ya 14;
- shaba ya inchi 5/8 ni karibu 15.9. Kwenye fitingi ya 16 inaingia, na mara nyingine inashika. Mimi siiamini, hasa ile inayouzwa ikiwa imeviringwa, kwa sababu ukiinyoosha haibaki duara kamili;
- shaba ya bomba za maji ya milimita 15 iko katikati ya 14 na 16, haifai kokote isipokuwa upate fitingi zilizoandikwa 15.

Ukaguzi: kalipa. Pima ncha mahali pawili, kisha uzungushe mrija robo mzunguko upime tena. Vipimo vikitofautiana, mrija si duara. Kalipa ya bei rahisi inatosha, rula haitoshi.

*Mrija haukuingia mpaka mwisho.* Kabla ya kufunga, ingiza mrija kwenye fitingi tupu mpaka ugote, weka alama kwa kalamu ya maka, kisha uchomoe. Ukifunga kwa kweli, alama hiyo lazima izame mahali pale pale. Ikibaki nje milimita tatu, ringi ya ndani haijaushika mrija. Hautavuja leo. Utavuja siku utakapoisogeza kompyuta.

*Mrija unavutwa upande.* Legeza kola ya fitingi ukiwa umemwaga maji. Mrija ukiruka au ukihama mara tu kola inapolegea, ulikuwa umelazimishwa. Mrija mgumu uliokatwa na kukunjwa vizuri hukaa mahali pake bila kushikwa. Hakuna kukaza kutakakoponya kona iliyokosea kwa milimita nne. Kata mwingine, au weka fitingi ya kona.

*Ncha haikusafishwa.* Ukikata kwa msumeno wa chuma, ukingo hubaki na meno madogo. Meno hayo hukata ringi unapoingiza. Ukingo wa nje usugue kwa msasa mpaka uwe na mteremko kidogo, wa ndani uparuze, kisha suuza unga wote. Unga wa akriliki ukibaki ndani hujaza vijia vyembamba vya bloku, kile kipande kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji, na hilo utalijua miezi baadaye joto likipanda bila sababu.

*Ringi imekauka au imeliwa.* Lowesha ringi kwa maji yaliyokenekwa kabla ya kuingiza mrija, au tumia grisi ya silikoni. Usipake mafuta ya mgando wala mafuta ya nazi. Najua yako karibu. Ringi nyingi za kazi hii ni za mpira wa EPDM, nao ukikutana na mafuta ya aina hii huvimba na kulegea.

Na tepu nyeupe ya mafundi bomba iache kwenye sanduku la bomba. Fitingi za kompyuta zina nyuzi za skrubu za kipimo cha G1/4, na maji huzuiwa na ringi, hayazuiwi na nyuzi hizo. Ukizungusha tepu halafu ukakaza kwa spana, bloku ya akriliki hupasuka penye tundu, na bloku ni ghali kuliko mirija yote. Mkono unatosha.

Hujui ni fitingi ipi? Funga kipande cha tishu nyeupe kwenye kila moja. Ya kwanza kulowa ndiyo mkosaji, hata kama maji yameteremka na kukusanyika kwingine. Ukishatengeneza, jaribu kwa hewa kabla ya maji: pampu ya mkono yenye geji, karibu nusu bar, usizidishe kikomo kilichoandikwa kwenye tangi au bloku zako, kisha iache nusu saa. Sindano ikishuka, bado. Afadhali kusikia hewa ikitoka kuliko kuona maji.

Dalili: mrija umelegea au umepinda ukiwa tayari umefungwa

Karibu kila mara ni PETG, na karibu kila mara kuna kitu kingine kilichoharibika kabla yake. PETG huanza kulainika kabisa kwenye nyuzi 80 hivi, lakini ukiwa na maji ndani na fitingi inaubana huchoka mapema. Watengenezaji hushauri maji yasizidi 60. Akriliki huvumilia zaidi, hulainika ikikaribia 105.

Sasa piga hesabu ya huku. Chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Machi kiko nyuzi 31 au 32. Rejeta inayotosha (ndipo feni hupooza maji) huyaacha maji nyuzi 10 hadi 15 juu ya hewa ya chumba wakati wa mchezo mzito. Hapo uko 41 hadi 47. Yule anayesoma maelekezo akiwa Ulaya ana chumba cha 21, kwa hiyo ana nafasi ambayo wewe huna. Hata hivyo 47 haiyeyushi PETG. Mrija ukilegea, maji yalifika mbali zaidi, na swali ni kwa nini.

Anza na pampu. Je, inazunguka? Weka mkono juu yake usikilize mtetemo. Nimekuta pampu zimechomekwa kwenye soketi ya feni iliyopangwa kupunguza kasi, kwa hiyo pampu inalala wakati inapohitajika. Kisha angalia rejeta: vumbi, nywele za paka, na feni zinazopuliza kuelekea upande usiofaa. Kisha uangalie mahali kompyuta ilipo. Rejeta iliyosukumwa ukutani inavuta hewa yake yenyewe iliyokwisha kupata moto.

Dawa ya kudumu ni kihisi cha joto la maji kwenye moja ya matundu ya G1/4, na kompyuta ipangwe ijizime maji yakifika 55. Pampu nyingi za aina ya D5 zenyewe zina kikomo cha 60, kwa hiyo unaulinda mrija na pampu kwa pamoja. Mrija uliolegea usiunyooshe urudishe. Utupe.

Kuna wanaouona umepinda kabla hata ya kuufunga. Uliachwa ndani ya gari lililofungwa juani, au umeegemezwa ukutani chini ya mabati kwa mwezi mzima. Laza mirija sakafuni, ndani ya nyumba.

Dalili: nyufa nyembamba kama utando wa buibui

Uliza mkono wako ulishika nini mara ya mwisho. Spiriti, sanitaiza, maji ya kusafishia vioo, tina, petroli: akriliki ikiwa imekazwa na ikaguswa na vitu hivi hupasuka vijinyufa kuanzia palipobanwa, na mara nyingine ni suala la dakika chache. Mteja mmoja alizifuta alama za vidole kwa sanitaiza usiku wa kuamkia Idi ili wageni waone mashine inavyometa. Wageni waliona dimbwi. Safisha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, basi.

Sababu ya pili ni kulanti ya gari, yale maji ya rejeta. Ile ya kijani ya stesheni ya petroli ina glaikoli nyingi na viambato vilivyokusudiwa injini. Baadhi ya kulanti za namna hiyo hazipatani na PETG wala akriliki. Ya tatu ni safari. Akriliki ni ngumu lakini ina roho nyepesi: ibebe kwenye tuktuk kutoka Bamburi hadi Mtongwe, pamoja na matuta na ngazi za feri, utasikia tak. Anayehamisha mashine mara kwa mara achukue PETG, ambayo hupinda kidogo kabla ya kupasuka.

Ufa haugandishwi. Gundi na silikoni ya sinki vyote nimeviona, na vyote vilikuja mezani vikidondoka. Mrija wenye ufa unabadilishwa, na bloku yenye ufa inabadilishwa.

Dalili: viputo vyeupe au mkunjo ulioporomoka kwenye kona

Viputo ni maji. Akriliki na PETG hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa ina wa kutosha kugawa. Ukichoma kona haraka, unyevu ulio ndani ya plastiki unachemka kabla haujapata njia ya kutoka. Mwenye mirija hiyo hiyo kule Nairobi hatayaona mambo haya kwa urahisi.

Weka mirija kwenye mfuko uliofungwa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Wakati wa kukunja, shika hitigani (kifaa cha kupuliza hewa ya moto) mbali kidogo, zungusha mrija bila kusimama, upashe moto sehemu pana kuliko kona unayotaka, na usiharakishe. Ukianza kuona nukta, umeshachelewa. Kata kipande hicho. Watu huniuliza kuhusu kukausha mirija kwenye oveni ya jikoni. Inawezekana kwa joto la chini, lakini oveni nyingi za nyumbani kipimo chake ni cha kubahatisha, na PETG ikipita kidogo tu utatoa tambi.

Mkunjo ulioporomoka unasababishwa na uzi wa silikoni, ule unaotiwa ndani ya mrija wakati wa kukunja, uliokosekana au ulio mwembamba. Uzi lazima ujaze tundu la ndani: 10/14 inataka uzi wa milimita 10. Uloweshe kwa maji ya sabuni ili utoke. Fanya kazi hii baraza, penye upepo, si chumbani ulipofunga madirisha; plastiki iliyoungua ina moshi mbaya.

Dalili: matone nje ya mirija, na tangi halipungui

Hii imewafanya watu wafungue mashine nzima bure. Chumba kina kiyoyozi cha nyuzi 18, kompyuta imezimwa, mirija na vyuma vyote vimepoa. Mtu anafungua mlango, hewa ya nje yenye unyevu wa kaskazi inaingia, na maji yanajiunda juu ya kila kitu baridi, kama miwani inavyofunga ukungu ukitoka benki. Mirija ya shaba ndiyo inayotoa jasho zaidi.

Weka alama ya kiwango cha maji kwenye tangi. Angalia pia kioo cha kompyuta na dirisha: kama navyo vina ukungu, hakuna kinachovuja. Kama matone yako mahali pamoja tu, rudi kwenye dalili ya kwanza. Jasho likauke lenyewe kabla hujawasha, na kiyoyozi kiweke 25 au 26.

Dalili: maji yamebadilika rangi, au kuna unga

Maji ya bomba au ya kisima hayafai, na visima vya kisiwani vina chumvi unayoionja. Tumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa jina la maji ya betri, pamoja na dawa ya kuzuia ukungu iliyotengenezwa kwa kazi hii. Soma chupa mara mbili: dukani hapo hapo huuzwa asidi ya betri, na chupa hufanana.

Unga mweupe au wa kijivu, tafuta alumini. Rejeta iliyotolewa kwenye gari mara nyingi ni ya alumini, na ukiichanganya na bloku ya shaba katika maji yale yale, alumini inaliwa. Mirija haina kosa hapo. Shaba, shaba ya njano na nikeli zinakaa pamoja bila ugomvi mkubwa.

Sauti ya kububujika ni hewa. Mashine ikiwa imezimwa na kifuniko cha tangi kimefungwa, iinamishe huku na huku, kisha fungua kifuniko ujaze, basi.

Ukilazimika kung'oa yote na kununua upya

Fitingi ulizo nazo ndizo zinazoamua kipimo, kwa hiyo nenda na moja mfukoni, na kalipa. Kwa mtu wa mara ya kwanza mimi humpa PETG ya 10/14: inakatwa bila kupasuka, inakunjika mapema, na ikikosewa hasara ni ndogo. Kwa mashine isiyohama, iliyo kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, akriliki, na spiriti iondolewe nyumbani. Shaba ni nzuri ukipata yenye kipimo cha milimita kinacholingana na fitingi. Ikihitaji kuunganishwa kwa gesi, ichomewe kwa fundi wa friji, mbali na kompyuta, na isafishwe ndani kabla ya kurudi. Kioo hakikunjwi nyumbani hata kidogo, kona zake zote ni fitingi, na ukikikata bila miwani ya kinga unacheza na macho yako.

Nunua mita moja zaidi ya hesabu yako. Kona ya kwanza itaharibika.